Roki ni ya Wazungu? Wapi!

Wadau, hapa Sumbawanga ukisifia bendi mpya ya shugezi, yale magitaa yanayovuma kama upepo wa Ufipa mpaka yanamfunika mwimbaji, unaambiwa umejifanya Mzungu. Jamani! My Bloody Valentine wa shugezi walitoa Loveless mwaka 1991. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Kasesya, WITCH na Amanaz walishayakwaruza magitaa miaka ya 1970. Sunburst wa Dar nao walitoa Ave Africa 1976. Nani aliirudisha sokoni 2016? Strut, lebo ya London! Tunatupa, wao wanaokota, halafu tunasema ni chao. Kijana wa Sumbawanga akishika gitaa la umeme, mwacheni apige. Ni urithi wake. Mnabisha?