Tusing'oe Mzabibu, Tufukie Kisima

Ulimwengu una mjadala mpya, nao umekwisha kufika hata barazani kwetu. Kuna mashine ndogo ya kuweka juu ya meza, isiyozidi sanduku la nguo kwa ukubwa, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kikatoka kitu kizima kama kilivyochorwa. Huitwa printa ya pande tatu. Hutoa kikombe, hutoa gia ya cherehani, hutoa hata mkono wa bandia wa kiwete. Na kwa mwenye nia mbaya, hutoa pia sehemu za bunduki.

Basi wako wasemao mashine hizi zifungiwe, asizipate ila mwenye kibali. Na wako wasemao ziachwe, na michoro ya silaha iachwe pia, kwani elimu haifungwi kamba. Mimi naona pande zote mbili zimeipita njia, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuijue asili ya jambo. Mwezi wa Mei 2013, Mmarekani wa Texas aitwaye Cody Wilson alifyatua bastola ya plastiki aliyoiita Liberator, akaueneza mchoro wake kwenye intaneti. Serikali ya nchi yake ikamtaka auondoe, naye akauondoa; lakini katika siku mbili tatu hizo ulikuwa umekwisha kuchukuliwa zaidi ya mara 100,000. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka wa pili yake, 2014, mahakama ya Japani ilimfunga Yoshitomo Imura miaka miwili kwa kuchapa bastola nyumbani kwake. Oktoba 2019, katika mji wa Halle, Ujerumani, mtu mmoja aliliendea sinagogi siku ya ibada kubwa ya Mayahudi akiwa na silaha za kujitengenezea, baadhi zikiwa na sehemu zilizochapwa. Mlango ulimshinda, lakini aliua watu wawili wasio na hatia. Na Julai 2022, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, aliuawa hadharani kwa bunduki ya kujitengenezea. Zingatia, ndugu msomaji: muuaji yule hakuhitaji printa yoyote. Mabomba, mbao na tepu vilimtosha.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani tu. Katika miaka ya 1970, huko Karamoja, Uganda, mafundi wa kienyeji walikuwa wakitengeneza bunduki kwa vyuma vya mabomba, vingine vikitolewa katika viti na vitanda. Zilijulikana kwa jina la amatida. Ufundi huo ulififia, wala haukufifishwa na mawaidha. Mwaka 1979, Idi Amin alipong'olewa, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, bunduki za kiwandani zikamiminika vijijini. Nani tena angehangaika na bomba la kitanda?

Hapo pana somo. Silaha ya kujitengenezea hushamiri pale ambapo silaha ya kiwandani ni adimu, na nia ya kuua ipo. Kenya imekuwa ikijitahidi kuziondoa zile za magendo. Huko Ngong mwaka 2016 zilichomwa moto bunduki 5,250, na mwaka 2021 zikateketezwa nyingine 5,144. Februari 2023 serikali ikaanzisha operesheni katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa na jirani zake ili kuwapokonya silaha wezi wa mifugo. Mola azijaalie juhudi hizo. Lakini kadiri mlango wa magendo unavyozibwa, ndivyo mwovu atakavyolitafuta dirisha. Nasi wa Pwani hatuna haja ya kuhadithiwa maana ya silaha kuingia mikono isiyostahili. Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, na yaliyofuata bado yamo nyoyoni mwa watu mpaka leo.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Huko kipo kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi, kilichozua maneno mengi katika miaka ya 1990 watu walipopata habari zake. Lakini kiwanda, hata kikilaumiwa, kina ua, kina walinzi, kina daftari. Risasi ikitoka, yuko wa kuulizwa.

Katika mji huohuo, kwenye mtaa wa West Indies, yuko mpwa wangu mwenye karakana ya chumba kimoja. Anatengeneza redio na simu, na pembeni anayo printa moja anayochapia vipuri vya plastiki ambavyo madukani havipatikani tena. Nilipomtembelea nilimwuliza kama naye amewahi kuletewa mambo haya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, alikuja kijana mmoja na mchoro kwenye simu. Akaniambia ni kitu cha kuchezea watoto. Nilipoutazama nikaona ni mshikio wa bastola. Nikamwambia kazi hiyo siifanyi. Akacheka, akaniambia atanunua mashine yake mwenyewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mhunzi wa zamani alikuwa ndiye bawabu. Atakaye panga au mkuki alimwendea, akatazamwa uso, akaulizwa mtoto wa nani na anakwenda wapi. Mhunzi akikataa, shari ilichelewa, na shari ikichelewa huenda hasira nayo ikapoa. Leo mtu anaweza kuwa mteja na mhunzi kwa wakati mmoja, chumbani mwake, mlango umefungwa. Bawabu ametoweka. Hili ndilo geni katika jambo hili, si plastiki wala umeme.

Je, wazee wetu katika elimu walikuwa na la kusema? Naam, walikuwa nalo. Sote tulifundishwa chuoni kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamdhuru mtu, na kwamba alikataza Mwislamu kumwelekezea ndugu yake silaha. Hakusema mishale isitengenezwe. Mafakihi nao walipozungumzia biashara ya silaha, walichukizwa na kuuza silaha wakati wa fitina, na wakakataza kumuuzia mtu ambaye muuzaji anajua kuwa ataiendea maasi.

Tena yuko mwanachuoni wa Misri, al-Qarafi, aliyefariki mwaka 1285, aliyeziweka njia za kuelekea kwenye uovu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile ambazo wanavyuoni wamekubaliana kuwa hazizuiwi: hakuna awezaye kumkataza mtu kupanda mzabibu kwa hofu kuwa zabibu zitakamuliwa ulevi. La pili ni zile walizokubaliana kuwa zizuiwe: mtu asichimbe kisima katikati ya njia wapitayo watu, kwani atatumbukia mtu tu. La tatu ni zile zilizo baina ya hayo, na humo ndimo mna hitilafu.

Sasa tuupime mjadala wetu kwa mizani hiyo. Printa ni mzabibu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mashine za namna hii zilichapa kinga za uso kwa ajili ya madaktari na wauguzi hapa Kenya. Zinampa fundi mdogo uwezo ambao zamani ulikuwa wa kiwanda. Huko New York, mwaka 2023, ulipelekwa mswada wa kutaka kila anunuaye printa iwezayo kutoa silaha achunguzwe kwanza kama ana rekodi ya jinai. Siwalaumu, kila nchi na yake. Lakini sheria ya namna hiyo ikiletwa kwetu, atakayesimama foleni ofisini, akiombwa karatasi hii na ile, na pengine na chai juu yake, ni mpwa wangu wa West Indies. Mwovu hatasimama foleni. Atarudia bomba la maji. Tutakuwa tumeng'oa mzabibu na ulevi ungali pale pale.

Lakini mchoro kamili wa bunduki, ukatupwa hadharani pamoja na maelezo ya kila hatua, hicho ni kisima katikati ya njia. Aliyekichimba hawezi kusema yeye alichimba tu, na aliyetumbukia ni kipofu wa nafsi yake. Wanaotetea uhuru wa elimu wasitulinganishie kitabu na sumu iliyokwisha kutiwa kikombeni. Elimu ya chuma ni halali kwa wote. Kumwekea mwenye hasira bastola iliyobaki kubonyezwa si kufundisha.

Sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura ya 114, si dhaifu kwa aliye na silaha mkononi. Inahesabu kuwa silaha chombo chochote chenye mtutu kiwezacho kutoa risasi na kuua, kiwe kimetoka Ubelgiji au uani kwa mtu. Aliyechapa bastola na akakutwa nayo bila ya kibali hana pa kutokea. Lakini sheria hiyo iliandikwa zamani, wakati bunduki haijawahi kusafiri katika simu. Jimbo la New South Wales, Australia, mwaka 2015 lilifanya kuwa kosa kumiliki michoro ya kuchapia silaha bila ya idhini. Wabunge wetu wautazame mfano huo. Wamshike mwenye mchoro, na mwenye kuueneza, na mwenye kuuza; mashine wamwachie fundi.

Na sisi je? Tusiiachie serikali kila kitu, kwani bawabu aliyetoweka hawezi kurudishwa na polisi peke yao. Mafundi wa karakana zetu, kuanzia Mombasa hadi Eldoret, wakubaliane kuwa kazi ya silaha haipokelewi, hata kipande kimoja, na aliyekataliwa kwa mmoja akataliwe kwa wote. Walimu wa vyuo vya ufundi wafundishe amana pamoja na umeme. Nasi wazee tuliomo majumbani tusiogope kumwuliza kijana anachochapa usiku kucha, kama vile mhunzi alivyokuwa akiuliza. Kuuliza si kumtuhumu. Mashine haiwezi kumwuliza mtu nia yake. Hiyo imebaki kuwa kazi yetu.