Roboti ya mzee ipangwe na anayemwogesha

Mwezi Mei 2020 Rwanda ilizindua roboti 5 za kupima joto na kupeleka dawa kwa wagonjwa wa Korona. Zilitengenezwa na Zorabots ya Ubelgiji, kampuni iliyokwisha kujulikana kwa roboti za kuchangamsha wazee. Kigali zikapewa majina ya nyumbani: Akazuba, Urumuri, Ngabo na mengine. Wengi walicheka. Mimi naona walianza vizuri.

Ndugu msomaji utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Rumonge? Simu ya mkononi nayo ilikuwa ya wakubwa, leo muuza ndagala anayo mbili.

Roboti za mazungumzo huuliza: umezaliwa wapi, una watoto wangapi? Kwa mzee wa Ubelgiji hiyo ni salamu. Kwa mzee aliyekimbia mwaka 1972, akakaa Katumba au Ulyankulu zaidi ya miaka 30, kisha akarudi na kukuta michikichi yake ina mwenyewe mwingine, hilo si swali, ni msumari. Tena litaulizwa kwa lugha gani? Mimi niliyesomea Kiswahili ukimbizini najua adha ya kusemeshwa usichoelewa ukiwa kwenu.

Kati ya 2017 na 2020 Ulaya na Japani ziliendesha mradi wa CARESSES, wa roboti zinazozungumza na wazee kwa kufuata mila zao. Wazo zuri, lakini mila ni ya wengi, jeraha ni la mtu mmoja.

Jirani yangu anamlea mama mkwe aliyepotewa na kumbukumbu. Jioni bibi hufunga mizigo, eti tuvuke ziwa, wanakuja. Mkamwana habishani naye wala hamwambii vita vimekwisha. Humpa ungo wa ndagala achambue, naye hutulia. Fundi gani wa Ulaya atalijua hilo?

Kwa hiyo atakayezileta, awe serikali au shirika, ampe mlezi uwezo wa kuzipanga kwa kusema tu, maana wengi hawakusoma: afute swali, aongeze wimbo, ainyamazishe. Na siku za mafunzo alipwe, kwani shamba halimsubiri.

Nanyi mnaovuka Mugina kwenda Manyovu, redio hamnunui bila kuiwasha. Mkikiona kitu hiki sokoni, mwambieni muuzaji aondoe swali la watoto, hapo hapo, mkiangalia.