Mtandaoni, Kusahihisha Ndiko Kufundisha

Tangu shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, masomo ya mtandaoni yameingia katika mipango mingi ya elimu ya Afrika Mashariki. Walimu wamejifunza kurekodi video, kupakia vitini, kufungua makundi ya WhatsApp ya darasa na kuendesha vipindi kwa Zoom. Kenya ilipata chuo kikuu huria chake mwaka 2023. Tanzania ilikuwa imetangulia, kwani Chuo Kikuu Huria chake kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi za vitini vya karatasi. Jitihada hizi zastahili pongezi. Lakini ukizitazama kwa makini utaona kwamba nyingi zinahusu upande mmoja tu wa kazi ya ualimu, yaani kutoa. Upande wa pili, wa kupokea alichoelewa mwanafunzi na alichokosea, kisha kumjibu yeye binafsi, mara nyingi huachwa hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Nasema hapa, na nitajitahidi kuthibitisha, kwamba upande huo wa pili ndio ualimu wenyewe. Anayefundisha mtandaoni bila kumpima kila mwanafunzi mara kwa mara na kumrudishia jibu linalomhusu bado hajafundisha. Amechapisha tu.

Darasani penye kuta na ubao, mwalimu hupata habari za wanafunzi wake bila hata kuzitafuta. Anamwona aliyekunja uso, anapita katikati ya madawati akichungulia madaftari, anasikia minong'ono ya wanaosaidiana. Mtandaoni hayo yote hutoweka. Mwanafunzi amezima kamera ili bando lisiishe, amezima na kipaza sauti, na mwalimu anapouliza kama wameelewana hujibiwa kwa dole gumba na watatu wanne walewale. Wale hamsini waliobaki hajui kama wanafuata, wala kama wapo. Kwa hiyo maswali madogo ya kila wiki, kazi fupi za kuandika, na rekodi za sauti ambamo mwanafunzi anaeleza alivyofikiri hadi akafika kwenye jibu lake, hayo yote si mapambo ya kozi. Ndiyo macho pekee aliyobakiwa nayo mwalimu. Tangu mwaka 2012 vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vimekuwa vikitoa masomo ya wazi mtandaoni, yenye video nzuri na wahadhiri mahiri. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua takwimu za masomo hayo katika jarida la Science mwaka 2019, walikuta kwamba kati ya walioingia masomoni katika mwaka wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa asilimia 3 hivi. Ni kweli kwamba wengi waliingia kwa kuchungulia tu. Hata hivyo, takwimu hiyo inatosha kutuonya kwamba somo zuri likiwekwa wazi kwa watu wote, lisimjibu mtu yeyote, halitamshika mwanafunzi kwa uzuri wake peke yake.

Tuchukue hesabu moja ya shule ya msingi: 52 toa 38. Jibu ni 14. Mtoto wa kwanza ameandika 26, wa pili 24, wa tatu 90. Katika mifumo mingi ya mtandaoni wote watatu watawekewa kosa lilelile na kuambiwa waitazame tena video ileile. Lakini angalia walichofanya. Wa kwanza ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, popote zilipo: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 3 ni 2. Huyu bado hajui kukopa. Wa pili anajua kukopa, maana 12 toa 8 ameipata 4 sawasawa, ila amesahau kwamba makumi yaliyobaki ni manne, si matano. Wa tatu kutoa hakumshindi hata kidogo. Amejumlisha, pengine kwa kuisoma alama haraka haraka. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye mamoja na makumi, na vijiti vilivyofungwa kumikumi vitamfaa kuliko video yoyote. Wa pili anahitaji sentensi moja tu. Wa tatu aambiwe asome swali tena. Ukiwapa wote dawa moja, mmoja utamchosha, mwingine hutamgusa, na mwingine ataanza kuamini kwamba hesabu si fungu lake. Watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walionyesha mwaka 1978 kwamba mengi ya makosa ya watoto katika kutoa si ya ovyo. Yana kanuni, na mtoto anaifuata kanuni yake kwa uaminifu mkubwa. Basi mwalimu anayetunga maswali ya kuchagua jibu asijaze nafasi kwa tarakimu zozote zinazomjia kichwani. Aweke 26, 24 na 90, ili jibu lisilo sahihi nalo lieleze limetoka wapi. Vyuoni mambo ni hayohayo: mwanafunzi wa uhasibu aliyeingiza ununuzi wa mashine katika gharama za mwaka, badala ya mali za kudumu, hana tatizo moja na mwenzake aliyekosea kujumlisha, ijapokuwa mizania zote mbili zimekataa kulingana na jibu la mwalimu.

Hapa ndipo penye maana ya kumfundisha kila mmoja kwa kadiri yake, na hapana budi tuitenge na jambo jingine linalouzwa kwa jina hilohilo. Semina nyingi za walimu hufundisha kwamba kuna wanafunzi wa macho, wa masikio na wa mikono, na kwamba kila kundi liandaliwe somo la aina yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta kwamba hazitoi ushahidi wa kutosha wa kuendesha elimu kwa mgawanyo huo. Kinachowatofautisha wanafunzi kwa namna inayomfaa mwalimu ni kile wanachokijua tayari na pale walipokwama. Na hilo halijulikani kwa dodoso la kuuliza mtu anapenda nini. Hujulikana kwa kumpa kazi na kuisoma kazi yake, tena mapema. Mtihani wa mwisho una wajibu wake wa kuthibitisha shahada, wala sipendekezi ufutwe; lakini fundi cherehani hampimi mteja baada ya nguo kwisha kushonwa.

Kupima peke yake hakutoshi, na hapa ushahidi una ukali ambao walimu wengi hawautarajii. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti uliofanyika Israeli kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Kundi moja lilirudishiwa alama tu, jingine maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliofanya vizuri zaidi baadaye, na kudumisha hamu ya kazi, ni wale waliopata maoni bila alama. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika kama wao. Alama ilikuwa imekwisha kuwateka. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo 607 ya tafiti za mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo ulishusha utendaji wa watu. Ulielekea kudhoofisha pale ulipomvuta mtu ajifikirie yeye mwenyewe, uwezo wake na sifa yake, badala ya kazi iliyo mbele yake. Tuyakumbuke basi maneno yaliyojaa katika madaftari yetu kwa wino mwekundu: Jitahidi. Ongeza bidii. Vizuri sana. Yametoka kwenye karatasi, sasa yanaandikwa na mashine mara tu mwanafunzi anapobonyeza kitufe, wala hayajapata maana mpya. Yule mtoto wa pili afadhali aandikiwe hivi: "Mamoja umeyapata. Ulipokopa kumi moja, yalibaki makumi mangapi? Rudia hesabu hii, kisha ufanye 61 toa 27." Maneno hayo yamemwonyesha alipofaulu na alipoteleza, yamemwachia afikiri mwenyewe, na yamempa mahali pa kujaribu. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mno. Maoni yanayofika baada ya mada kufungwa, bila nafasi ya kurudia kazi, husomwa mara moja na kuachwa. Mwalimu mwenye nafasi ya kuandika maoni mara moja tu kwa muhula afadhali ayaandike wiki ya tatu, kazi irudiwe wiki ya nne, kuliko kuyaandika wiki ya mwisho kwa ufasaha mkubwa.

Najua pingamizi linalotangulia yote: haya ni mambo ya nchi zenye intaneti ya kasi na kompyuta kwa kila mtoto. Jibu lake liko Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifanya jaribio kwa familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Baadhi zilitumiwa hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Nyingine, pamoja na ujumbe, zilipigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mwezeshaji akazungumza na mtoto na mzazi juu ya hesabu hizo. Baadaye majibu ya watoto yalitumika kuchagua maswali yanayolingana na kiwango cha mtoto. Ujumbe peke yake haukuleta mabadiliko yaliyothibitika. Ujumbe pamoja na simu uliongeza ujuzi wa hesabu kwa kiwango kilichopimika. Mpango huo ulijaribiwa tena India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda kwa watoto zaidi ya 16,000, na simu hizo zikaonyesha tena nguvu yake. Haikuhitajika simu janja. Kiswaswadu kilitosha, kwa sababu kilichofanya kazi ni mtu aliyeuliza, akasikiliza jibu la mtoto huyu, akachagua swali linalofuata kwa ajili yake. Uhaba wa vifaa ni kweli na serikali zisiache kuushughulikia. Ila usitumiwe kuhalalisha kozi ambazo zina bando la kutosha kupakia video za saa nzima na hazina dakika kumi za kumsikiliza mwanafunzi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 akitumia dakika tatu kwa kila kazi, amekwisha kutumia saa 15 kwa zoezi moja. Hakuna mawaidha yatakayozifuta saa hizo. Lakini makosa 300 hayana sababu 300. Asome kazi 30 kwanza, na mara nyingi ataona makosa makubwa yakijipanga katika mafungu manne au matano. Aandike maelezo ya kila fungu mara moja, vizuri, au ayarekodi kwa sauti, na kila mwanafunzi apelekewe la kwake pamoja na swali la kurudia. Maswali yenye jibu moja mashine iyasahihishe, tena ndiyo kazi inayoifaa. Muda wa mwalimu ubaki kwa wale ambao kosa lao halina fungu, na kwa wale ambao hawakuleta kazi kabisa, maana hao ndio walio karibu na kuacha masomo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilijengwa juu ya kazi zinazosahihishwa na mkufunzi na kurudishwa na maoni kwa kila mwanafunzi. Kiliajiri wakufunzi wa muda kwa ajili hiyo, kila mmoja na kundi lake dogo. Kumbe wingi unawezekana, kama kusahihisha kumehesabiwa kuwa ni kazi na kumetengewa fedha.

Wengine wanasema kupima mara kwa mara mtandaoni ni kukaribisha wizi wa majibu, hasa sasa ambapo akili bandia inaandika insha kwa sekunde chache. Hofu hiyo ni ya haki, lakini yafaa tuangalie inatoka wapi. Mwanafunzi huiba pale ambapo jibu lina thamani kubwa kuliko kujifunza. Zoezi dogo lisilobeba alama nyingi, linaloruhusiwa kurudiwa, ambalo faida yake ni kumwonyesha mtu alipo, linapunguza sababu ya kuiba. Mwalimu akiwa na shaka, amwombe mwanafunzi aeleze jibu lake kwa sauti kwa dakika mbili. Na mtihani wa kutunuku cheti uendelee kufanyika kituoni, mbele ya msimamizi. Tukifanya kinyume, kwa kulibebesha kila zoezi la wiki uzito wa mtihani, tutapata wizi wa kila wiki na hatutajua mwanafunzi yeyote ana kiwango gani.

Kuhusu haki, wapo wanaoona kwamba kumpa mmoja swali jepesi na mwingine gumu ni ubaguzi. Ingekuwa hivyo kama tungewapeleka mahali tofauti. Shabaha ya kozi ni moja kwa wote. Kinachotofautiana ni hatua inayofuata ya kila mmoja. Hatari iliyopo, nami naikiri, ni mtoto kubandikwa jina la mzito na programu ikaendelea kumlisha mepesi mwaka mzima. Kinga yake ni kupima upya kila baada ya wiki mbili tatu, na mwalimu awe na mamlaka ya kubatilisha uamuzi wa mashine.

Mwisho nawageukia wakuu wa vyuo, wamiliki wa shule na maafisa wa wizara, kwa sababu mwalimu hawezi kuyabeba haya peke yake wakati mzigo wake wa kazi unahesabiwa kwa vipindi alivyofundisha na video alizopakia. Punguzeni mada ili ipatikane nafasi ya kurudia kazi. Wekeni saa za kusahihisha kwenye ratiba na kwenye malipo. Na siku muuzaji wa mfumo mpya wa masomo atakapokuja na picha zake za kupendeza, kabla ya kuweka saini mwulizeni: mwanafunzi atakayekosea swali la nne Jumatatu, atajibiwa na nani, ataambiwa nini, na atalirudia siku gani?