Si Kuukuu, ni Kuzeeshwa

Mwezi wa Novemba 2025 nilijaaliwa safari ya kwenda Mukurweini, katika kaunti ya Nyeri, kwa shughuli ya wakwe. Mimi ni mtu wa pwani, na baridi ya huko ilinipata hasa. Mvua za vuli zilikuwa zimeugeuza udongo mwekundu kuwa uji, na kila nyumba niliyoingia nilipewa kikombe cha chai ya maziwa kabla sijaulizwa habari za njiani. Lakini leo, wasomaji wapenzi, sikusudii kuzungumza juu ya chai wala kahawa ya huko, ingawa zote mbili zinastahili makala. Nataka kuzungumza habari ya duka moja dogo la kompyuta nililoingia kutaka kupigisha chapa karatasi yangu, nikatoka na fikira zilizonikosesha usingizi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye kompyuta tano za mezani. Zote ni za mtumba, zilitumika kwanza Uingereza, na kijana mwenye duka alizinunua Nairobi kwa jasho lake. Nilipoingia nilimkuta mama mmoja akijaziwa fomu ya kodi, mwalimu akitafuta hati yake ya mshahara, na mzee aliyekuja kumwombea mwanawe cheti cha mwenendo mwema. Siku hizi serikali yetu imehamia ndani ya kompyuta, na kwa mtu wa kijijini asiye na mashine, mlango wa serikali ni duka kama lile.

Kijana alikuwa ameshika tama. Nikamwuliza, "Mwanangu, kulikoni?" Akanionyesha kioo cha mojawapo ya mashine zake. Pana maneno yaliyomwarifu kuwa Windows 10, mfumo unaoziendesha kompyuta zake, ulikoma kuhudumiwa na wenyewe, kampuni ya Microsoft, tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Naam, mashine itawaka kama kawaida, lakini viraka vya kuziba matundu wanayopitia wezi havitakuja tena bure kama zamani. Akitaka viraka, ahamie Windows 11. Na hiyo Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haiingii katika mashine yoyote tu. Yataka chipu maalumu ya usalama iitwayo TPM ya namna ya 2.0, na kama ubongo wa mashine ni wa Intel, uwe wa kizazi cha nane au zaidi, yaani wa kuanzia 2017. Mashine za kijana ni za 2014.

"Mzee," akaniambia, "mashine ni nzima. Inawaka, inaandika, inachapa. Leo naambiwa imezeeka. Ni nani aliyeipima?"

Swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa sisi watu wa pwani tunajua vyema kupima uzee wa chombo. Jahazi likianza kuvuja halichomwi moto. Husubiriwa maji ya bamvua, likapandishwa pwani, fundi akalikagua ubao kwa ubao. Panapo ufa hupatia pamba kwa kalafati, ubao uliooza huung'oa akatia mpya, mwili ukapakwa sifa na chini likatiwa deheni. Chombo kikarudi baharini na mabaharia wale wale. Fundi hamwulizi nahodha jahazi limeundwa mwaka gani. Humwuliza linavujia wapi.

Sisemi kwamba Microsoft hawana hoja. La hasha. Hiyo chipu ina faida yake, maana hutunza funguo za siri mahali ambapo mwizi hazifikii kwa urahisi. Lakini kufuli bora ni jambo moja, na kumwambia mtu abomoe nyumba kwa sababu mlango wake haukubali kufuli hilo ni jambo jingine.

Basi kijana afanye nini? Wenzake walikwisha kumshauri aipenyeze Windows 11 kwa mlango wa nyuma, na njia za kufanya hivyo zipo. Programu ndogo iitwayo Rufus hutengeneza kijiti cha kusakinishia ambacho hakiulizi habari za chipu wala umri wa ubongo. Watu wengi wamefanya hivyo duniani na mashine zao zinakwenda. Walakini mwenye kupita njia hiyo ajue anachokifanya. Kampuni imesema wazi kuwa mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata viraka, na hata vikija leo, kesho vyaweza kukoma. Mageuzi makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, sharti mtu ayatie kwa mkono. Tena toleo la 2024 linadai amri fulani ambazo ubongo wa zamani sana hauzijui, na mashine ya namna hiyo haiwaki nalo kabisa. Huko ni sawa na kuishi nyumba ya kupanga bila hati: mwenye nyumba hajakufukuza, lakini hana ahadi nawe.

Kwa mtu binafsi mwenye mashine ya kuandikia barua zake, mimi sioni dhambi. Ajaribu, madhali amenakili kila kilichomo mahali pengine kwanza. Hili la kunakili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, kompyuta yangu anibadilishie mfumo. Aliirudisha ikiwa safi kama sahani iliyooshwa. Na mashairi yangu ya miaka tisa nayo yalikuwa yameoshwa. Nilichoweza kukikumbuka nimekiandika upya, na kilichobaki kimekwenda na maji. Sikumlaumu sana, kwani mimi mwenyewe sikuwa na nakala.

Lakini duka la Mukurweini si mashine ya mtu binafsi. Yule mama amelitoa neno lake la siri la kodi mbele ya kioo kile, mwalimu ametoa lake, na yule mzee ametoa kitambulisho cha mwanawe. Chuoni, tulipokuwa tukisoma juu ya mkeka, Maalim alitufundisha kuwa amana haina udogo, na kwamba mwenye kuaminiwa kitu cha mtu hukilinda kuliko chake. Mwezi wa Mei 2017 mdudu aliyeitwa WannaCry alizifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka cha kuliziba tundu alilopitia kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Waliopatwa ni wale ambao mashine zao hazikuwa nacho. Kwa hiyo kuendelea na Windows 10 isiyo na viraka katika duka la watu, kwa kusema "Mungu atalinda," si tawakali. Mtu humfunga ngamia kwanza.

Nilimshauri hivi. Kwanza, kampuni imeacha dirisha la muda: mashine ya mtu binafsi ikiandikishwa hupewa viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Atazame masharti aone kama yanamfaa, maana duka ni biashara. Pili, na hili ndilo shauri langu hasa, mashine moja kati ya tano aijaribu kwa mfumo wa Linux, ambao mbegu yake ilipandwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambao haununuliwi. Linux Mint ya 22, iliyotoka 2024, itahudumiwa mpaka 2029, na haitaki zaidi ya mashine zile zilicho nacho. Kazi zake nyingi za dukani hufanyika katika intaneti, na intaneti haiulizi umefika kwa jahazi gani. Akiweza, aondoe na diski ya zamani inayozunguka atie ile ya kisasa isiyozunguka, naye ataona mzee anavyokimbia.

Kijana akanijibu, na jibu lake lilikuwa la haki: "Wateja wamezoea Windows, mzee. Wakiona sura ngeni wataenda duka la pili. Na printa yangu itakubali?" Sikuwa na jibu la mkato. Ndiyo maana nikasema mashine moja kwanza, na printa ijaribiwe kabla ya kufuta chochote.

Lakini mzigo huu usiwe wa kijana peke yake. Mukurweini kuna chuo cha ufundi. Kwa nini wanafunzi wa vyuo kama hicho wasifundishwe kuzikagua mashine kuukuu za shule na maduka, kama fundi anavyokagua jahazi? Wala lugha si kisingizio. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia iliyotiwa Kiswahili. Wasomi wetu walionyesha njia zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na wengi wetu tukapita bila kugeuza shingo.

Tusipofanya hivyo tutakwenda kununua upya, na hizi za zamani zitakwenda jaani. Ripoti ya dunia ya 2024 ilisema kuwa mwaka 2022 walimwengu walitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kwamba chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Sioni sababu ya kompyuta tano nzima za Mukurweini kuongezwa katika hesabu hiyo.

Nilipoondoka, kijana alikuwa akinakili faili za mashine ya pembeni kabisa, ile iliyo karibu na dirisha. Mimi nilimwachia beti hii:

Jahazi liloko pwani, halifi kwa kuzeeka,
Pamba itie ufani, na sifa ya kulipaka,
Na amana ya jirani, ilinde isije toka,
Usilitupe jaani, na bado lasafirika.