Hadithi ya Bandeji

Likizo ya mwezi wa sita, nikiwa nyumbani Kileo, nilikwenda kutazama michezo ya shule moja ya msingi. Katika mita 1500 binti mmoja alitangulia tangu kona ya kwanza, vumbi lote akawaachia wenzake. "Punguza, utachoka!" watu wazima wakampigia kelele. Hakupunguza. Alishinda, akapewa madaftari mawili. Kisha mgeni rasmi akasimama kutusimulia habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa 57, wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. "Kushiriki ndiyo ushindi," akasema. Makofi.

Hadithi hiyo imenichosha. Akhwari hana kosa. Kosa ni letu. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Nani anaisimulia hiyo? Tumemtupa mwanariadha tukabaki na bandeji, maana bandeji haituulizi kiwanja kiko wapi wala kocha analipwa nini.

Filbert Bayi anatuuliza. Kwenye semina yetu ya uzamili kila mtu alimjua Akhwari. Bayi, wawili tu, na mmoja alidhani ni jina la shule.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500. Wengi hukimbia umbali huo kwa kuviziana, wakisubiri mzunguko wa mwisho. Kijana wa Karatu, miaka 20, alichomoka mwanzoni na hakurudi nyuma. John Walker alimfukuza mbele ya mashabiki wa kwao, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwepo, na bado akawa wa pili. Bayi: dakika 3, sekunde 32.16. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaica.

Mwaka 1976 tukasusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilicheza raga na makaburu. Hata mimi ningesusia. Lakini Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. (Najua, fainali za Olimpiki huwa za kuviziana. Bayi hakuwa mtu wa kuvizia.) Moscow 1980 alipata fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Yeye na Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000 hukohuko, ndio Watanzania pekee wenye medali ya Olimpiki mpaka leo. Miaka zaidi ya 40, na bado tunawaambia watoto wapunguze!

Jioni nilimkuta yule binti bombani, ndoo kichwani. Nikamweleza habari za Bayi. Alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza:

"Dada, na yeye aliumia wapi?"