Saa ya Kuosha Membrani ni Saa ya Kazi



Kila mmoja wetu anaijua jerikeni. Iache na maji siku chache, kisha ingiza kidole mdomoni mwake: utagusa utelezi kama mlenda. Mama zetu walitia changarawe na maji kidogo, wakaitikisa mpaka utelezi ukang'oka. Hawakutosheka kumwaga maji ya zamani na kutia mapya, maana walijua kwamba kilichoshika ukutani kitayachafua na hayo mapya. Leo nazungumzia utelezi huo huo, ila safari hii umo ndani ya mashine ya kusafishia maji kiwandani, na nauliza ni nani anayebebeshwa mzigo wake.

Viwanda vingi vya vinywaji na vya dawa husafisha maji kwa membrani. Hiyo ni karatasi laini ya plastiki iliyoviringishwa kama mkeka ndani ya bomba. Pampu husukuma maji kwa nguvu, maji hupita, chumvi na vijidudu hubaki nyuma. Lakini nyingi za membrani hizi huliwa na klorini. Kwa hiyo klorini ile iliyotiwa kwenye mitambo ya mji, kama Nzove na Kimisagara, ili maji yatufikie salama, huondolewa kwa mkaa kabla maji hayajagusa membrani. Mlinzi ameondolewa mlangoni! Vijidudu vichache vilivyosalimika hujishikiza juu ya membrani, huzaana na kujifunika utelezi. Maji yanayopita hupungua, na geji ya presha hupanda.

Hapo ndipo ugomvi wa mfanyakazi na bwana mkubwa unapoanzia. Watengenezaji wa membrani hushauri kwamba maji yanayopita yakipungua kwa asilimia 10 hivi, au tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho wa bomba ikipanda kwa asilimia 15 hivi, mashine isimamishwe ioshwe. Katika kiwanda nilichofanyia kazi kabla sijashika kazi ya chama, msimamizi wetu alikuwa na dawa moja tu: "Ongeza presha!" Tuliongeza. Utelezi uligandamizwa ukawa mgumu zaidi, na umeme ukaliwa bure. Mwishowe mashine ilisimama yenyewe, usiku, na kazi ya kuosha akapewa kibarua mwenye siku tatu kiwandani. Kostiki soda ikamrukia jichoni. Miwani ya kinga ilikuwepo, tena mipya, lakini ilikuwa imefungiwa stoo na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mtu. Mwisho wa mwezi sisi wa zamu ile tulikatwa bonasi kwa sababu idadi ya chupa haikutimia.

Wasimamizi wengine hupenda njia ya mkato: mimina dawa ya kuua vijidudu, suuza, washa pampu. Kuua si kusafisha, ndugu. Vijidudu vingi vya majini vina sumu katika ngozi yao ya nje, na vinapokufa na kupasuka sumu hiyo humwagika. Kuichemsha hakusaidii, huvunjika kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Na mizoga iliyobaki kwenye membrani ni chakula cha vijidudu vya kesho. Ndiyo sababu kwa kawaida huanzwa na dawa ya kostiki ya kuyeyusha utelezi, hufuata asidi ya kutoa magamba ya chokaa na chuma, na dawa ya kuua huja baadaye. Kila hatua inataka saa zake.

Nisiwatishe bure. Sumu hiyo ya ngozi ya vijidudu, mtu mzima mwenye afya akiinywa, haina makali makubwa. Lakini mfanyakazi anayepuliza utelezi kwa mpira wa maji huivuta kama ukungu, na inaweza kumletea homa na kubanwa kifua. Hatari kubwa kuliko zote ni ikifika kwenye damu. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hukutana na maji kama lita 120 kwa kikao kimoja cha saa nne. Kipimo cha kimataifa kinataka vijidudu katika maji hayo viwe chini ya 100 kwa mililita moja. Hospitali kubwa za Kigali hutoa tiba hii, na anayelinda maji hayo ni fundi, mfanyakazi kama wewe.

Ipo pia sumu ya vijidudu vya kijani vinavyofanana na mwani, vinavyoota kwenye mabwawa. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm Island, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu ili kuviua. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua. Na mwezi Februari 1996, katika mji wa Caruaru, Brazil, kliniki ya kusafisha damu ilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa kwa lori bila kutibiwa ipasavyo. Kati ya wagonjwa 131, waliugua 116. Hadi mwisho wa mwaka ule vifo 52 vilikuwa vimehesabiwa kuwa vya sumu hiyo.

Wenzetu wa mashamba ya chai watauliza haya yanawahusu nini. Tangi la maji mnayokunywa shambani lilisuguliwa lini ndani? Mkijibiwa "lilitiwa dawa", ulizeni tena.

Madai yangu ni haya. Geji iandikwe kwenye daftari kila zamu, na daftari likionyesha kwamba kipimo kimefika, mashine isimame bila kungoja ruhusa ya mtu wa mauzo. Saa za kuosha zihesabiwe katika idadi ya kazi, bonasi isiguswe. Aoshaye awe amefundishwa, na miwani, glovu na aproni vikae pale pale penye dawa. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018, inamdai mwajiri usalama na afya kazini. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na tangu Juni 2022 Shirika hilo limeuhesabu miongoni mwa mikataba ya msingi.

Mwajiri atasema kusimamisha mashine ni hasara. Mwombeni atoe bei ya membrani mpya, kisha muiweke mezani karibu na mshahara wa saa sita za watu wawili. Hesabu hiyo ya darasa la nne niliifanya mbele ya msimamizi wangu, akaondoka bila kunijibu. Tawi litakaloingia kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja na liende na daftari la geji la miezi mitatu, limeandikwa kwa wino.