Mali bila daftari: Somo la roboti wa kauri kwa mafundi wa majiko

MTU akisikia neno kauri, mawazo yake huenda kwenye vikombe vya chai na vigae vya bafuni. Lakini sehemu nyeupe ya plagi ya pikipiki ni kauri. Vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo za umeme vingi ni kauri. Simu ya mkononi ina mamia ya vipande vidogo vya kauri, na kile kikombe cha udongo kinachobeba mkaa ndani ya jiko bora ni wa ukoo huo huo.

Kwa karne nyingi kauri mpya ilipatikana kwa kubahatisha. Fundi alichanganya udongo, akachoma, akasubiri tanuri lipoe, kisha akatazama kilichotoka. Siku hizi kazi hiyo imeanza kukabidhiwa mashine.

Katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, kuna chumba kiitwacho A-Lab kilichoanza kazi mwaka 2023. Humo mikono ya roboti hupima unga wa madini mbalimbali, huuchanganya, huuingiza kwenye tanuri, huusaga baada ya kupoa na kuupeleka kwenye mashine ya eksirei ili ijulikane kilichopatikana. Kompyuta husoma majibu. Kama mchanganyiko umeshindwa, yenyewe hupanga kipimo kingine au joto jingine, na kazi huendelea usiku na mchana.

Novemba 2023, watafiti wa maabara hiyo walitangaza katika jarida la Nature kwamba kwa siku 17 mashine hizo zilitengeneza vitu 41 kati ya 58 vilivyokusudiwa. Habari hiyo ilishangiliwa sana. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu wengine kuipinga. Mwaka 2024, kundi la wanakemia, miongoni mwao Robert Palgrave wa Chuo Kikuu cha London (UCL) na Leslie Schoop wa Chuo Kikuu cha Princeton, walisema vipimo vya eksirei havikusomwa vizuri na kwamba hakuna kitu kipya kilichothibitika. Wenye maabara nao walijitetea kuwa lengo lao kubwa lilikuwa kuonyesha kwamba mashine inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe.

Ubishi huo una faida kwa mfanyabiashara mdogo. Wakosoaji waliweza kukosoa kwa sababu kila jaribio liliandikwa na matokeo yake yakawekwa wazi. Kasi ya roboti ni jambo zuri, lakini kasi pasipo kumbukumbu huzaa makosa mengi kwa muda mfupi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Mkulima anayenunua mfuko wa urea ananufaika na kazi ya Alwin Mittasch, mwanakemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 yeye na wenzake walijaribu maelfu ya michanganyiko wakitafuta kichocheo rahisi cha kutengenezea amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea ya urea. Walitumia mitambo midogo mingi iliyofanya kazi kwa wakati mmoja, na kila jibu liliandikwa. Waligundua kwamba chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha oksidi ya alumini na potasi kinafanya kazi vizuri kuliko chuma kitupu. Kiwanda cha Oppau kilianza uzalishaji mwaka 1913, na hadi leo viwanda vingi vya amonia hutumia kichocheo cha ukoo huo.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 lilitokana na kuunganisha jiko la bati la mafundi wa mitaani na jiko la udongo kutoka Thailand. Majiko ya mwanzo yalikuwa na matatizo ya kupasuka, na umbo lilibadilishwa mpaka likakubalika. Jiko hilo likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa kiasi kikubwa. Likitengenezwa vibaya, kikombe chake hupasuka, mnunuzi hukasirika na fundi hupoteza jina pamoja na mtaji wa kuni, udongo na siku za kazi.

Mafundi wengi bado wanatafuta mchanganyiko mzuri kwa kubahatisha. Tuseme fundi ana udongo wa machimbo 4, viwango 5 vya pumba za mpunga za kuchanganya na viwango 5 vya moto. Hiyo ni michanganyiko 100. Akijaribu mmoja kila wiki atatumia karibu miaka miwili. Lakini akitengeneza vibao vidogo 20, yaani kila udongo kwa kila kiwango cha pumba, na kuvichoma pamoja katika tanuri moja, atamaliza yote kwa michomo 5. Hiyo ndiyo mbinu ya roboti, isipokuwa anatumia mikono yake.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama. Kila kibao kichorwe namba kikiwa kibichi, na mstari wa sentimita 10 wa kupimia kusinyaa. Baada ya kuchomwa kipimwe tena, kisha kitiwe moto na kupozwa mara kadhaa ili ionekane kipi kinapasuka. Majibu yote yaandikwe, hasa ya vilivyopasuka, maana hayo ndiyo yanayomzuia fundi kurudia hasara ile ile mwakani.

Serikali nayo ina wajibu wake. Mkulima huelezwa kila msimu apime udongo wa shamba kabla ya kununua mbolea. Mfinyanzi anastahili huduma kama hiyo kwa udongo wa tanuri, kwa bei anayoimudu. Nchini Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) na Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (TIRDO) ndiyo mahali pa kuanzia. Majibu ya vipimo yakusanywe mahali pamoja na kuandikwa kwa Kiswahili, ili fundi wa wilaya moja asirudie kushindwa kwa fundi wa wilaya nyingine.

Si lazima nchi maskini ikimbilie kununua roboti wa mabilioni ili ifaidike na elimu hii. Vikundi vya mafundi, vyama vya ushirika na vyuo vya ufundi vinaweza kuanza msimu huu kwa namba iliyochorwa kwenye kibao, rula na daftari la mistari. Mwenye kuyaandika majaribio yake ataweza hata kwenda benki kuomba mkopo akiwa na ushahidi mkononi kwamba bidhaa yake haipasuki.